"Walking" ni ya nani? Kisa cha insha ya Kiingereza, kidato cha pili, Kisumu

Madaftari yalikuwa 46, na la kumi na moja ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Si kwamba lilikuwa baya kuliko mengine. Lilifanana na mengine yote, ila mwenyewe nilimjua vizuri: binti wa dawati la karibu na dirisha, ambaye mama yake huanika na kuuza omena (dagaa wa ziwani) upande wa ufuo wa Dunga, na ambaye akisimulia jambo kwa mdomo darasa zima hunyamaza. Kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine kabisa. "I woke up early. I took tea. I went to the beach with my mother. Then I helped her to spread omena. Then I saw clouds. Then I told my mother." Nikahesabu. Sentensi 22: kumi na mbili zimeanza na "I", sita na "Then", nne zilizobaki na "We" au "My mother".

Hawa walikuwa kidato cha pili wa mwaka 2025, kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4, watakaofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2027. Shule ni ya kutwa, pembezoni mwa mji. Nimewafundisha Kiingereza tangu walipoingia kidato cha kwanza, kwa hiyo lawama ya yatakayofuata haina safari ndefu.

Kilichonikera ni kwamba wiki mbili kabla, darasa hilohilo lilifanya zoezi la kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo, lile la sehemu ya sarufi katika karatasi ya pili ya KCSE. Unapewa sentensi ya mtu kufika na mvua kuanza papo hapo, na agizo linasema "Begin: Hardly". Binti wa omena alipata zote. "Hardly had I arrived when the rain started": kitenzi kisaidizi kimeruka mbele ya kiima, "when" imekaa mahali pake wala hakuiweka "than", kila kitu barabara. Kupindua sentensi anajua, mradi aambiwe aipindue. Akiachiwa uwanja peke yake anarudi kwenye "Then I". Na uwanja ndio wenye mavuno: sarufi yote ya karatasi ya pili ina alama 15, ilhali insha ya kubuni katika karatasi ya tatu ina alama 20 peke yake, maneno yasiyozidi 450, na humo hakuna anayekuandikia "Begin".

Nikafanya kile anachofanya mwalimu mwenye madaftari 46 na subira iliyokwisha. Nilichukua karatasi ya manila, nikaandika kwa kalamu nene njia sita za kufungulia sentensi: kwa kielezi, kwa kihusishi cha mahali au wakati, kwa kishazi tegemezi, kwa kitenzi chenye "-ing", kwa kitenzi chenye "-ed", na kwa "to". Kila njia na mfano wake. Nikaibandika kando ya ubao na kutangaza sheria: katika aya moja sentensi mbili zisianze na neno moja, na njia zote sita zionekane katika ukurasa.

Walitii. Hapo ndipo palipouma, maana walitii wote. Nikaletewa "Quickly, my father is a boda boda rider." Nikaletewa "To be tall, my brother plays football." Kijana mmoja aliandika "Happily, our cow died," na nilipomuuliza alikuwa na ugomvi gani na ng'ombe huyo, akanieleza kwa upole kwamba zamu ya kielezi ilikuwa imefika na "Happily" ndiyo iliyokuwa karibu. Binti wa omena naye: "Walking along the beach, the sun was very hot. Spread on the nets, my mother watched the omena. Hungrily, the clouds came."

Hiyo ya mawingu yenye njaa niliipenda kidogo, nakiri. Lakini katika ile ya pili mama wa watu ameanikwa juu ya nyavu. Nilicheka peke yangu mezani, kisha nikaona haya. Mkono ulioandika ulikuwa wake, upuuzi ulikuwa wangu.

Mapumziko ya saa nne nilimwita ofisini kwa walimu.

"Hapa nani alikuwa anatembea?"

"Ni mimi, Madam."

"Mbona sentensi inasema jua ndilo lilikuwa linatembea?"

Aliisoma upya, midomo ikienda polepole, kidole chini ya kila neno. Jua hakuliona likitembea popote. "Lakini Madam, si ni 'Nikitembea kando ya ziwa, jua lilikuwa kali'? Hapo kosa ni gani?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina la kusema. Sentensi yake ya Kiswahili ilikuwa safi. Hakuna mwalimu angeipigia mstari.

Mwalimu wa Kiswahili ninayekaa naye meza moja, mzee wa maneno machache, hakuinua hata macho kwenye kikombe chake. "Mwalimu, -ki- ya kwetu haitembei bila mwenyewe. Sasa hiyo 'walking' yenu ni ya nani?"

Nimesomea Kiingereza chuoni, nimekifundisha miaka, na sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo kwa upande huo. Tazama "nikitembea". Ni- ndiye mwenye tendo, -ki- inaonyesha jambo lilikuwa likiendelea, -tembea ndilo tendo lenyewe. Ipeleke -ki- mwanzo wa sentensi au mwisho, kiambishi cha nafsi kitaandamana nayo. Kwa hiyo Kiswahili hakina shida kishazi cha mbele kikiwa na mwenyewe mmoja na kishazi kikuu kikiwa na mwingine: akipika, sisi tulikuwa tukiosha vyombo. Hakuna atakayedhani sisi ndio tuliopika. Kijaluo, ambacho wengi wa wale 46 huongea nyumbani, nacho ni hivyohivyo: awuotho, iwuotho, owuotho. Irabu moja ya mbele imeshamaliza maneno, ni mimi, ni wewe, ni yeye anayetembea.

Mtoto huyu basi amelelewa na lugha mbili ambazo kitenzi cha namna hiyo hakitoki nje bila mwenyewe. Mimi nikambandikia ukutani "walking", kitenzi kilichovuliwa nafsi, nikamwamuru aanze nacho, bila kumwambia siri ya biashara: Kiingereza hukiazimia kitenzi hicho mwenyewe kutoka kwa kiima kinachofuata baada ya koma. Kiima kikiwa "the sun", jua ndilo mtembezi. Kikiwa "my mother" baada ya "Spread on the nets", mama ndiye aliyetandazwa juani. Sarufi ya Kiingereza ina jina la kosa hili, husema kitenzi kinaning'inia, na kwa miaka yote niliyolitaja jina hilo darasani sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyesaidika nalo.

Kiswahili nacho si malaika. "Baada ya kula, sahani zilioshwa" tunaisema kila siku, na "kula" haina nafsi yoyote. Tunaelewana tu kwa kuwa sahani hazili. Tofauti ni kwamba kwetu mlango huo ni mdogo. Katika Kiingereza ni lango zima, na mtahini amesimama hapo.

Kabla kengele haijalia mzee alinipa la pili bila kuombwa. "Na hizo 'Then' zao usizichukie. Hizo ni -ka-."

Kweli tupu. Akaamka, akanawa uso, akanywa chai, akashika njia. Kwa Kiswahili huo ndio mwendo wa hadithi tangu tukiwa magotini kwa nyanya, na hakuna anayekaa kuhesabu -ka- ni ngapi. Kiambishi hicho kimoja hubeba mizigo miwili: jambo lilipita, na lilifuata jingine. Kitenzi cha wakati uliopita cha Kiingereza hubeba mzigo wa kwanza tu. Mtoto akihisi wa pili umebaki chini, hutafuta neno la kuubebea, na lililo karibu ni "Then". Nyumbani ana "eka" ya Kijaluo inayofanya kazi hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimeandika pembeni mwa daftari lake, kwa wino mwekundu, neno la Kiingereza lenye maana ya uvivu. Kumbe binti alikuwa akitafsiri kwa uaminifu mkubwa.

Nilibandua manila wiki iliyofuata. Ilikuwa Machi, mvua za masika zinaanza, na nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kwa ruhusa ya mwenyewe niliandika ubaoni sentensi fupi saba kutoka katika insha yake: "Mother was spreading the omena. The sky over the lake turned black. I shouted. The wind was strong. She did not hear me. She looked up. We rolled up the nets." Kisha nikamwomba asimame atusimulie siku hiyo kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia rafiki yake.

"Mama alikuwa ameinama, anatandaza omena kwa nyavu. Mimi ndiye niliona mawingu yanatoka ziwani, meusi tii. Nikaita. Lakini upepo ulikuwa unabeba sauti unapeleka huko barabarani. Mama hakusikia mpaka tone la kwanza likamgonga hapa." Akajigusa kisogoni.

Tone la kisogoni halikuwa katika insha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hakujua lingeingia kwa sentensi gani.

Hilo jibu lilikuwa na thamani kuliko njia zangu zote sita. Tatizo halikuwa maneno ya kuanzia. Jambo lilikuwa limebaki nje kwa kukosa kishazi cha kulibeba. "Mpaka" aliyoitumia mdomoni ilikuwa tayari ni kiunganishi, tayari ni sentensi changamano. Nikaandika ubaoni "until" na "not... until", na kabla sijamaliza kugeuka kijana wa ng'ombe alikuwa amelitamka: "She did not hear me until the first drop hit her neck."

Kuanzia hapo sikuuliza tena "tuanze na nini". Niliuliza kati ya jambo hili na lile kuna uhusiano gani. Je, ni "kisha" tu? Au ni "kwa sababu", "ingawa", "wakati", "mpaka"? Wakishakubaliana kwa Kiswahili, kiunganishi cha Kiingereza hakiwi mbali, na kishazi kinajitafutia mahali.

Mahali penyewe ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na ningependa kukaa zaidi ya hapo. Vikundi viwili vilileta sentensi mbili, nikaziandika moja juu ya nyingine:

"When the sky turned black, Mother was spreading the omena."

"Mother was spreading the omena when the sky turned black."

Maneno ni yaleyale. Sarufi zote mbili ni salama. Nikauliza ipi ni ya insha hii. Kimya. Halafu kijana yuleyule (nilianza kushuku ng'ombe alikufa bure) akasema: "Ya kwanza inatuambia mama alikuwa anafanya nini. Ya pili inatuambia kuna shida."

Ndivyo ilivyo. Katika Kiingereza, mara nyingi kile kinachoachwa mwisho wa sentensi ndicho habari, na mbele hukaa kile ambacho msomaji ameshakipata. Kama sentensi iliyotangulia ilimwacha msomaji akimtazama mama, anza na mama, mwishowe umwangushie mbingu. Kama ilimwacha akitazama mbingu, anza na mbingu. Kwa hiyo mwanzo wa sentensi huamuliwa na mwisho wa ile iliyo nyuma yake, jambo ambalo karatasi ya manila isingeweza kulijua kwa sababu haikuwa imesoma sentensi iliyotangulia. Koma nayo tuliimaliza kwa pumzi moja: kishazi tegemezi kikitangulia, iweke, kikifuata, kwa kawaida iache.

Ndipo tukarudi kwa "-ing", safari hii na swali la mzee. Niliandika sentensi, darasa likauliza kwa pamoja kwa sauti ya mahakama.

"Bending over the nets, Mother did not hear me." Ni ya nani? Ya mama. Baada ya koma yuko nani? Mama. Pita.

"Shouting with all my strength, the wind carried my voice away." Ni ya nani? Yangu. Baada ya koma yuko nani? Upepo. Rudi!

Waliporudi walikuwa na njia mbili za kuirekebisha. Wengine walibadilisha kiima baada ya koma. Wengi walipendelea nyingine: "Although I shouted with all my strength, the wind carried my voice away." Niliielewa sababu. Hapo "I" imerudi ndani ya kishazi, kitenzi kimerudishiwa kiambishi chake, na sentensi imeanza kunusa Kiswahili. Mwenye kutaka "-ing" na aitumie, lakini mtu asilazimishwe kuvaa kiatu kisicho chake kwa ajili ya alama ya mbwembwe.

Mlango ukifunguliwa, wageni huingia na wasioalikwa. "Although she was tired but she ran" ilijaa kote, nayo ni ile "ingawa... lakini" yetu ambayo hata magazetini huponyoka. "The nets which we rolled them" ilikuwepo pia, na hiyo nikampelekea mzee. Akaandika "tulizozikunja" kwenye kipande cha karatasi, akapigia mstari -zo- na -zi-. Kiswahili huzitaja nyavu mara mbili ndani ya neno moja, mara ya kwanza kwa kirejeshi, ya pili kwa yambwa. Kiingereza huzitaja mara moja kwa "which" na kuishia hapo. Lile "them" la ziada ni -zi- iliyokosa pa kulala.

Tuliacha pia, bila mazishi, "The sun was shining brightly and the birds were chirping melodiously", ufunguzi ambao wengi huja nao kutoka shule ya msingi. Sikuukataza. Nilimwambia tu kila anayeutaka aje anionyeshe ndege wake.

Insha ya pili waliiandika Ijumaa. Vitenzi vya kuning'inia vilibaki katika madaftari matano. "Then" zilipungua, ila hazikuisha, na baadhi ya zilizobaki zilistahili kubaki, maana kuna mambo ambayo kweli yalifuatana tu. Kijana wa ng'ombe sasa ana ugonjwa wa "until", ameuweka hadi mahali pa "before". Utapoa.

Daftari la binti nililiacha la mwisho kwa makusudi:

"Mother was bending over the nets when the sky behind her turned black. I shouted, but the wind took my voice to the road. She did not look up until the first drop hit her neck, and by then half of the omena was wet. She did not quarrel me. She did not say anything. She picked one, smelled it and threw it to the ducks."

"Quarrel me" ni Kiingereza cha kwetu, nikakirekebisha. Lakini angalia: "She" mara nne mfululizo. Kwa sheria ya manila aya hiyo ingekatwa alama pale pale. Nilijaribu kuibadilisha kwa penseli, nianze moja na "Without a word", nyingine na "Picking one". Kila nilichoweka kilimharakisha mama. Pale binti aliposema "She", "She", "She", mama alikuwa akienda kwa mwendo wake, mkono ukishuka kwenye nyavu, omena mmoja akipanda hadi puani. Nikafuta penseli yangu.

Kisha nikafika mwisho wa ukurasa. Alikuwa ameongeza sentensi moja, akaiwekea nukta: "Because omena which has been rained on is only bought for feeding chicken."

Kishazi tegemezi, kimesimama peke yake uwanjani, hakina kishazi huru cha kukiegemea. Nilipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni "Ni ya nani?" kwa mazoea. Nikafuta. Swali lile halifai hapa. Kila kitenzi humo kina mwenyewe wake, kilichokosekana ni kitu kingine. Na nilijua kilikotoka: ndivyo ambavyo angemjibu mtu aliyemuuliza kwa nini mama alinyamaza, na ana kwa ana jibu hilo lingekuwa kamili. Sikuwa nimepata namna ya kumweleza. Nikaandika tarehe ya Jumanne juu ya daftari, nikalitenga na mengine.